Mtoto Aliyebaki Nyumbani

Siku ile mliyonipikia chapati na kuku wa kuniaga, nyinyi wauguzi vijana wa kliniki ya watoto mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmoja wenu akasema ati niandike siri ya kutowafokea akina mama. Mlicheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani Misikhu nilikaa nikijiuliza kama mlikuwa mnanicheka mimi. Vyeo sitaviandika, vimo kwenye faili na faili imefungwa. Nitaandika juu ya mapacha. Mapacha wamenifundisha kazi hii mara mbili: mara ya kwanza nikiwa msichana mwenye haraka, mara ya pili mwaka huu, nikiwa nyanya wa watu. Hiyo ya pili bado inanikaa moyoni, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Zahanati yangu ya kwanza haikuwa mbali na soko la Misikhu. Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe nilivyovipaka rangi usiku mzima, na ilikuwa msimu wa mvua. Saa sita viatu vilikuwa na rangi ya barabara. Mkubwa wangu, Sista Agripina, mama mfupi mpana asiyeinua sauti, aliviangalia, akaenda stoo akaniletea gambuti zake za mpira za zamani. Zilinizidi namba mbili. Nilizivaa miaka mitatu.

Alinianzisha kwenye mizani. Ilikuwa ile ya duara yenye mshale, inayoning'inia kwenye boriti, na chini yake kisuruali cha kitambaa chenye matundu mawili ya miguu. "Ning'iniza suruali tupu kwanza," aliniambia, "urudishe mshale kwenye sifuri, ndipo umtie mtoto. Usipofanya hivyo utakuwa unapima suruali." Halafu akaongeza kwamba kabla sijamwangalia mtoto nimwangalie mama yake: ameketi vipi, ametembea kutoka wapi, nani amemsindikiza. Hilo la suruali nililishika siku hiyo hiyo. Hilo la mama nililiona la wazee.

Miezi michache baadaye nikaanza kumwona Nasimiyu. Alikuwa na mapacha wavulana, na kama ilivyo kwetu Bungoma, wa kwanza kuzaliwa alikuwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Mzazi wa mapacha hasumbuki kutafuta majina. Walifanana mpaka baba yao, aliyekuwa akifanya vibarua Kitale na kurudi mwisho wa mwezi, alikuwa akimwuliza mama yao yupi ni yupi. Nasimiyu alitembea karibu saa mbili kufika kwetu, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Nilimwandikia kilo za watoto, nikamchorea mstari kwenye kadi, nikamwita anayefuata.

Watoto walipofika miezi tisa, Mulongo alikuwa hajaongeza hata kidogo. Benchi lilikuwa limejaa, nami nilikuwa na njaa. Nikamtoa kwenye suruali, nikamwinua juu ili kila mtu amwone, nikasema, "Mama, huyu unamlisha nini? Ama chakula chote kinaliwa na ndugu yake?" Benchi zima likacheka. Nasimiyu naye akacheka kidogo, akavuta leso ikamfunika uso nusu, akawafunga watoto wake akaenda. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimesahau.

Mwezi uliofuata alikuja, na nikashangaa. Mukhwana na Mulongo walikuwa na kilo sawa kabisa. Mwezi uliofuata tena, sawa. Nilifurahi jamani, nikajisifu moyoni kwamba ukali wangu umefanya kazi. Nikawaambia akina mama wampigie Nasimiyu makofi, wakampigia. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikadhani ni haya ya mtu anayesifiwa.

Sista Agripina alikuwa mezani akikunja bandeji. Watu walipoisha akaniita. "Leo umempima Mulongo?"

"Nimempima, Sista. Ameongeza."

"Uliwaona wote wawili pamoja?"

Nikafikiri. Nasimiyu aliingia na mmoja, akapimiwa, akatoka nje akasema anaenda kumchukua mwenzake kwa dada yake chini ya mti, akarudi na wa pili mwenye kofia nyingine na shati lingine. Sikuwa nimewaona pamoja.

"Huyo wa kofia nyekundu alikuwa ameumwa na mbu hapa," akasema, akigusa ncha ya sikio lake la kushoto. "Na wa kofia ya kijani pia, hapo hapo. Mapacha wanafanana, lakini sijaona mbu wa hivyo."

Kesho yake tulienda kwao, yeye mbele mimi nyuma na gambuti zangu. Tulimkuta mama mkwe wa Nasimiyu akipukuchua mahindi. Mukhwana alikuwa akizunguka kigoda kwa kujishikilia, akigonga kifuniko cha sufuria, mtoto wa karibu mwaka mmoja mwenye afya na kelele zake. Tulipomwuliza bibi habari za Mulongo, alisema, "Amerara," maana kwetu R na L hukaa nyumba moja. Sista Agripina akaomba tumwone akiwa amelala.

Hakuwa amelala. Alikuwa nyuma ya mlango, juu ya gunia lililotandikwa blanketi, ameketi kwa kuegemezwa ukutani. Nywele zilikuwa nyepesi na nyekundu, miguu imevimba juu kidogo ya vidole, na alituangalia bila kulia. Mtoto wa umri ule akiona koti jeupe bila kulia, ujue amechoka sana. Nawaambieni hilo kwa kazi yenu, na nawaambia pia kwamba mimi sikuwahi kusahau yale macho.

Nasimiyu alikuja kutoka mtoni, akatuona, akatua ndoo. Hakujitetea. Alizungumza na Sista Agripina, mimi hakuniangalia. "Huyo dada aliniuliza mbele ya watu namlisha nini. Nikaona nikimleta tena, ataniuliza tena. Sasa nikawa nampeleka yule mzuri, mara mbili." Akaifuta mikono kwenye leso yake. "Lakini nampenda. Msifikirie simpendi. Hapa nyumbani huyu ndiye nambeba siku yote. Ni kule tu sikuweza kumpeleka."

Nilitamani kuingia chini ya gunia. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtoto hufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa surua. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtoto anaweza kufa kwa sababu muuguzi alitaka kuchekesha benchi.

Mulongo alilazwa hospitali kubwa wiki tatu. Sista Agripina hakunikemea hata mara moja, na ningefurahi kama angenikemea. Mtoto aliporuhusiwa kurudi, aliniambia tu, "Siku za kliniki wewe utatoka mapema ukamsaidie kuwabeba." Basi kila Alhamisi nilienda hadi kwao, nikamfunga Mulongo mgongoni juu ya sare yangu, tukapita katikati ya soko, Nasimiyu na wake, mimi na wangu. Wauza nyanya hawakuchoka kunitania. "Sista, si ulikuwa msichana juzi? Ulizaa lini?" Nilikuwa nikiwajibu kwamba nilizaa jana na tayari ana meno sita.

Wiki za kwanza tulitembea bila kuzungumza. Kisha akaanza kuniuliza mambo madogo, kwa mfano kama mtoto aliyetoka wodini anaweza kula parachichi. Kisha akaanza kuniambia. Mulongo alisimama kwa kushikilia akiwa na mwaka na miezi minne. Alipofika mwaka na miezi saba aliachilia benchi la zahanati, akatembea hatua tano hadi kwenye ndoo ya maji, akaiangusha. Nilipangusa yale maji nikilia. Nasimiyu aliniangalia, akasema, "Sasa niulize namlisha nini." Nikamwuliza. Akanitajia: uji wa wimbi wenye njugu, maharagwe yaliyopondwa, parachichi, mayai ya kuku wake wawili. Alitaja polepole na kwa sauti, na benchi lote likasikia.

Kutoka hapo niliweka taratibu zangu. Mwenye mapacha haketi kwenye foleni. Watoto wote wawili wanakaa mbele yangu kwa wakati mmoja. Kilo za mtoto nazisema kwa mama yake tu, kwa sauti ya chini. Nilipohamia Kitale nilienda nazo, na nyinyi mlizikuta pale mkadhani ni agizo la wizara. Mizani za stima zilikuja, zikawa zinazimika umeme ukipotea, nami nikaificha ile ya mshale nyuma ya kabati. Bado ipo. Mkiitumia, mjue suruali tupu kwanza.

Sasa nifike kwangu mwenyewe. Huko kazini nilijifunza kufunga mdomo, lakini nyumbani Kibomet, mtaa wa Kitale, ulimi ulikuwa ukinisubiri mlangoni. Nilikuwa na binti mmoja, Naliaka, na baba yake alifanya kazi mbali. Nikirudi nimechoka namwuliza, "Huu ni ugali ama ni uji?" Akipata alama za chini shuleni, nazisoma kwa sauti jirani asikie. Sikumpiga, na nikajihesabia hilo kuwa upole. Yeye akazoea kuniletea habari nzuri tu. Mbaya nilizipata kwa jirani, na wakati mwingine sikuzipata kabisa.

Naliaka aliolewa Matisi, upande wa pili wa mji, na mtu wa Mlima Elgon, seremala mtulivu. Mwaka wangu wa mwisho kazini akajifungua mapacha, msichana na mvulana, Abi na Gidi. Kwa wakwe zangu wale majina ya kwetu hayana maana, lakini mimi nikiwa peke yangu nawaita Mukhwana na Mulongo. Walipofika miezi mitatu nilistaafu, nikahamia Misikhu kwenye shamba langu. Na mnajua mila yetu: mama hafikifiki nyumbani kwa mkwewe, sembuse kuingia na kukaa. Nilingoja kuletewa wajukuu.

Alipowaleta mara ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyepata kazi upya. Niliwaosha, niliwakanda mafuta, nikawaweka kwenye mkeka wakanyonyana vidole. Mara ya pili alikuja na Abi peke yake. Gidi alikuwa na kikohozi, amebaki na shangazi yake. Mara ya tatu Abi peke yake, safari ni ndefu na watoto wawili, Mama. Nikipiga simu ya picha namwona Abi akila simu. "Na Gidi?" Gidi amelala. Gidi anaoga. Gidi ametoka na baba yake. Nami nikawa naridhika, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa vizuri.

Walipotimiza mwaka nikatumiwa picha za keki. Niliwaonyesha watu wote kanisani. Mama mmoja tunayekaa naye benchi moja akazitazama, akasema, "Huyu msichana amesimama vizuri. Na huyu mwingine, naye anasimama?"

"Anasimama," nikasema.

Nilipofika nyumbani nikafungua simu tena. Picha sita. Abi amesimama kwenye zote. Gidi amebebwa kwenye zote, na kwenye ile ya keki baluni imewekwa mbele ya miguu yake. Mimi niliyesoma watoto wa watu miaka yote hiyo, picha sita zilinipita. Niliketi nikiwa na simu mkononi, na jambo lililonitisha si miguu ya Gidi. Miguu ya mtoto ina dawa nyingi. Nilichoogopa ni kwamba mwanangu alikuwa amenificha mtoto wake, na nilijua vizuri ni mtu wa namna gani hufichwa mtoto aliyedhoofika.

Niliazimia kuivunja mila nusu. Nilifika Matisi saa nne asubuhi siku ya kazi, mkwe wangu akiwa karakana, na sikuingia ndani. Niliomba kigoda nikakaa nje ya mlango.

"Mama? Kuna nini?" Naliaka alishtuka mpaka kijiko kikamwanguka.

"Hakuna kitu. Nimekuja kukaa."

Abi akatoka, mikono juu, akatembea hatua nane, akaketi kwa kishindo, akainuka tena kuja kuvuta pochi yangu. Nikamsifu. Halafu nikauliza Gidi yuko wapi.

"Amelala."

Kutoka ndani tukamsikia Gidi akiimba da-da-da, yuko macho kabisa kwa sauti yake. Tukaangaliana. Nilikuwa na maneno kumi mdomoni, yote ya kweli na yote makali. "Basi mwache alale," nikasema.

Naliaka alirudi kwenye vyombo vyake. Alipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mwishowe akaingia ndani, akarudi amembeba, akasimama mlangoni bila kunipa. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usimpime. Mshike tu."

Nikamshika. Jamani, mikono yangu ilijua kilo zake kabla hajatulia, na nusu ya kilo pia. Lakini nilichukua pua yake nikaiweka kwenye shavu langu, naye akanikamata sikio akalivuta kwa nguvu zake zote. "Ana mkono wa fundi," nikasema.

Ndipo akaniambia. Gidi alipata homa ya mapafu akiwa na miezi minane, akalazwa, akatoka mwembamba. Tangu hapo amebaki nyuma, hajiinui kusimama. Anahudhuria kliniki na kufanyiwa mazoezi ya miguu, lakini si kwenu. Naliaka alihamia kliniki nyingine, kwa sababu kwenu kuna watu ambao wangenipigia simu. "Kule kuna nurse mmoja mdogo," akasema. "Siku ya kwanza alinikalisha, akaniuliza nimelala saa ngapi. Nililia pale, Mama. Nilimwambia kila kitu." Sijui huyo muuguzi ni nani, na hakika sikumfundisha mimi. Nilimshukuru moyoni, na nilimwonea wivu pia.

Ningeweza kumwuliza kwa nini hakuniambia. Badala yake nilimwambia habari za Nasimiyu, zote, mpaka ile ya makofi. Nilikuwa sijamwambia mtu tangu enzi za Sista Agripina. Alinisikiliza akiwa ameketi kizingitini, Abi mapajani mwake.

"Uliuliza hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Hiyo ni wewe kabisa," akasema, akacheka, kisha akaanza kulia, nami nikalia, na watoto wakatuangalia wakaona afadhali na wao walie. Katika hali hiyo mkwe wangu akarudi kwa chakula cha mchana. Alipomwona mama mkwe wake mlangoni alirudi nyuma, akasimama karibu na tanki la maji la jirani, akikohoa kwa heshima. Nikageuza uso pembeni. Tulisalimiana hivyo, mimi nikiangalia ua, yeye akiangalia tanki.

"Mama, karibu ndani," akasema kutoka kule. "Hata kwetu kuna heshima, lakini hawa watoto si wanakuhitaji."

Sikuingia. Alitoa meza nje, wakaniandalia upande wangu na yeye akala upande wake, tumepeana migongo. Nikamweleza Naliaka, kwa sauti ya kumfikia mumewe, kwamba mtoto kama Gidi anasaidiwa na fito mbili za kushikilia, zilizolazwa sambamba kwa kimo cha kifua chake. Jumamosi ile ile mkwe wangu alizitengeneza, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Abi alizinyakua siku ya kwanza akawa ananing'inia. Gidi alimtazama siku tatu. Ya nne akajivuta, akasimama, nami nikimwona kwa simu ya picha, akaonekana kushangaa kuliko sisi. Sasa anasimama kila siku. Kutembea bado, na sijui ni lini.

Jumanne iliyopita nilikuwa napepeta maharagwe simu ikalia. Naliaka hakunisalimia. "Mama, ndiyo tumemaliza kupimiwa. Abi ameongeza. Gidi amepungua gramu mia mbili."

Nyuma yake nilisikia watoto wakilia na jina la mtu mwingine likiitwa. Alikuwa bado amekaa kwenye benchi la kliniki. Hata baba yake Gidi alikuwa hajaambiwa. Maisha yangu yote habari ya namna hiyo niliitafuta mwenyewe, nyuma ya milango na chini ya kofia, na hii imenijia yenyewe, kutoka kwa mtoto wangu. Niliweka ungo chini.

"Haya," nikamwambia. "Niambie."

Akaniambia.